Mkuu wa shule anataka msimamo wetu juu ya akili mnemba, na idara yangu imegawanyika

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata hapa jijini Tanga. Nafundisha kidato cha tatu na cha nne, na ndiye mkuu wa idara ya lugha. Nakuandikia wewe kwa sababu najua ulishika chaki miaka mingi kabla ya kuanza kutushauri humu. Jambo langu ni la darasani, ila limenifuata mpaka nyumbani. Mke wangu ameshachoka kunisikia.

Muhula huu mkuu wa shule ametuagiza sisi wa lugha tuandike ukurasa mmoja tu: walimu na wanafunzi waitumie vipi akili mnemba, yaani hizi programu za simu na kompyuta zinazojibu maswali na kuandika zenyewe, au wasiitumie kabisa. Idara nyingine zinatusubiri, kwa kuwa insha, ufupisho, barua na uchambuzi wa fasihi vyote viko kwetu. Anautaka ukurasa huo kabla ya kikao cha kufunga muhula. Mimi ndiye wa kuuandika, na kila nikishika kalamu naiweka chini, maana sisi wenyewe hatujaelewana.

Yuko kijana anafundisha Kiingereza, ameajiriwa juzijuzi. Azimio la kazi na andalio la somo anayaandaa kwa simu, amekaa kivulini, na kabla ya kengele ya kipindi kinachofuata keshamaliza. Kifungu cha ufahamu na maswali yake anakipata humohumo, na mazoezi ya sarufi pia. Wala hafichi. Yuko madamu wa Kiswahili wa vidato vya chini, amekaribia kustaafu, simu yake ni ya kitochi. Habari hii ikiguswa ofisini hukusanya madaftari yake akatoka bila kusema neno. Na mimi ndiye niliye katikati yao.

Nikueleze moyo wangu ulivyo: siipendi. Kuandika nimejifunza kwa kuandika na kurudishiwa daftari lililojaa wino mwekundu, naandika tena, linarudi tena. Nikiona mtoto anapewa insha nzima kwa kuuliza swali la mstari mmoja, naona ananyang'anywa kitu ambacho hajui kwamba alistahili kukipata.

Halafu kuna hili. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, ambaye insha zake huwa fupi, zina makosa ya ngeli lakini zina uhai, ameniletea uchambuzi wa ushairi wa kurasa tatu. Hauna kosa hata moja na aya zote zinalingana urefu. Ndani yake kuna ubeti anaodai ni wa Shaaban Robert. Nimeutafuta katika diwani nilizonazo na nilizoazima, sijauona. Simu shuleni haziruhusiwi, kwa hiyo naamini kaitumia ya dada yake nyumbani, kisha akanakili kwa kalamu. Mwenzangu wa Kiingereza anasema ipo programu ya kutambua maandishi ya mashine. Niupige picha uchambuzi ule, tuupitishe humo, ikithibitika nimpe sifuri. Daftari bado ninalo, sijaliwekea alama.

Lililoniuma zaidi ni kwamba kijana huyohuyo alisema mbele ya wenzetu kuwa walimu wa Kiswahili ndio tunaoogopa, kwa sababu kazi yetu yote mashine inaiweza. Sikumjibu. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu.

Shangazi, nimfanye nini huyu mtoto? Na katika ukurasa wa mkuu, nikatae waziwazi kama moyo wangu unavyotaka, au nikubali nisionekane mtu wa zamani?

Mwalimu wa Kiswahili,
Ngamiani, Tanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kulibeba jambo hili peke yako, na umefanya vyema kutolijaza daftari la mtoto sifuri kwa hasira.

Nianze na mtoto, kwa sababu ukurasa wa mkuu unaweza kusubiri juma moja zaidi, yeye hawezi. Programu hiyo ya kutambua, iache kabisa. Kampuni ya OpenAI ya Marekani, iliyoifungulia dunia ChatGPT, mojawapo ya mashine hizi za kuandika, tarehe 30 Novemba 2022, ilitoa chombo chake yenyewe cha kutambua maandishi ya mashine mnamo Januari 2023. Julai ya mwaka huohuo ikakiondoa, kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo. Ikiwa walioiunda mashine wameshindwa kuyatambua maandishi yake kwa uhakika, wewe na mwenzako mtayatambuaje kwa programu mliyoiokota mtandaoni?

Mwaka huo wa 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha za TOEFL, mtihani wanaofanya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha katika programu saba za aina hiyo. Insha zile zote zilikuwa zimeandikwa na watu. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilidaiwa kuwa za mashine. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyefundisha lugha. Programu hizo hushuku maandishi ambayo maneno yake yanabashirika kirahisi, na mwanafunzi anayejifunza lugha ya pili au ya tatu huandika hivyohivyo: anatumia maneno machache anayoyaamini, katika sentensi alizokaririshwa. Sasa watazame wanafunzi wenu. Nyumbani ni Kidigo, Kibondei au Kisambaa, mtaani Kiswahili, darasani Kiingereza. Mwambie kijana wa Kiingereza kwa upole kwamba wanafunzi wake yeye ndio wangekuwa wa kwanza kusingiziwa. Na majaribio hayo yalikuwa ya Kiingereza. Kwa Kiswahili mimi sithubutu kumhukumu mtoto wa mtu kwa chombo cha namna hiyo.

Mwite mtoto mwenyewe, mkae wawili, daftari limefungwa. Mwambie akusimulie alichoandika kwa maneno yake. Muulize ubeti ule ameutoa wapi. Kisha ufungue ukurasa wenye ubeti, ahesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo, mbele yako, akuonyeshe kina cha kati na kina cha mwisho. Akiweza kueleza, basi kuna alichojifunza, hata kama aliegemea mashine, na hilo utalipima kwa haki. Asipoweza, mpe alama za alichokisema kwa kinywa chake, halafu aandike ukurasa mmoja upya darasani, kwa kalamu, nawe upo. Usimwite mwizi, wala usimtangaze kwenye paredi. Na ujiulize pia, shule yenu ina nakala ngapi za diwani hizo? Mtoto akitumwa kuchambua ushairi na hana kitabu cha mashairi mkononi, atauliza popote panapojibu, na simu ya dada yake inajibu usiku na mchana.

Huo ubeti sasa, usiutupe. Ni somo zima.

Mashine hizi hazitunzi kumbukumbu ya vitabu kwenye rafu ili mtu akiuliza zimchukulie ukurasa. Zimesomeshwa maandishi mengi mno, zikajifunza neno gani huelekea kulifuata neno gani, na zinapojibu hubashiri kipande kinachofuata, kimoja baada ya kingine. Ukiziomba ubeti wa Shaaban Robert, zitakupa kitu kinachofanana na ubeti, chenye jina lake juu, kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Kama ubeti wa kweli haukuonekana mara nyingi katika yale zilizosomeshwa, mara nyingi zinabuni, bila kukuonya kwamba zimebuni. Sehemu kubwa ya zilichosomeshwa ni Kiingereza. Kiswahili ni kidogo, na ushairi wa Kiswahili ni kidogo zaidi, kwa kuwa diwani nyingi haziko mtandaoni hata leo. Mzee Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapahapa Tanga, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Watoto wa Tanga kunukuliwa beti ambazo hakuzitunga, mimi linanigusa sana. Nikiwa bado darasani ningelisimamisha somo kwa ajili ya hilo.

Kuna na hili la mizani, nalo ndilo ninalotaka ulishike zaidi. Mashine haisomi silabi. Huyakata maneno katika vipande kwa kufuata herufi zinazopenda kuandamana katika maandishi iliyosomeshwa, na vipande hivyo havilingani na silabi zetu. Wewe na mimi tunajua kwamba mshororo wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, kwa mtindo uliozoeleka, una mizani kumi na sita, nane kwa nane, na kina mahali pake. Chukua mshororo huu nilioutunga sasa hivi:

*Mwalimu nakuandama, unifunze kuandika.*

Hesabu: nane upande wa ukwapi, yaani kipande cha kwanza, nane upande wa utao, yaani kipande cha pili, kina cha kati ni *ma*, cha mwisho ni *ka*. Mtoto wa kidato cha pili aliyefundwa hupiga vidole mezani akaupata. Ukiiomba mashine, mara nyingi utaletewa mshororo wa namna hii:

*Elimu ni mwanga wetu, unaotuangazia njia.*

Ukwapi ni nane, sawa. Utao ni kumi. Mwambie mtu asiyejua ushairi ausome, atakwambia mzuri. Sikio la mwanafunzi wako litajikwaa, kama umelizoeza. Mashine hizi hubadilika upesi, na huenda zikaja kuhesabu vizuri siku moja, kwa hiyo usijenge hoja yako yote juu ya kosa hili. Lakini kwa sasa unaweza kuingia kidato cha tatu na beti tatu, moja ya mshairi wa kweli, moja ya mwanafunzi, moja ya mashine, bila majina, ukawaambia wazipime mizani na vina, waseme ipi ni ya nani na kwa nini. Hawatahitaji simu hata moja. Unaziandika ubaoni. Kipindi hicho kitawafunza arudhi, yaani kanuni za ushairi, kuliko maelezo ya siku tano, na kitawafunza kuutilia shaka mtambo bila wewe kuhubiri.

Kwa hiyo aliyekwambia kazi yako yote mashine inaiweza hajaijua kazi yako. Lakini, mwanangu, hata wewe bado hujaijua mashine. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali unaposema umekaa nayo ukaiuliza jambo la Kiswahili unalolijua vizuri, sijapaona. Unaichukia kwa sababu zenye uzito, ila ni sababu za mtu aliyeitazama kwa mbali.

Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani aitwaye Fred Davis aliandika kuhusu watu wa maofisini na kompyuta. Alisema mambo mawili ndiyo hasa humfanya mtu akipokee chombo kipya au akikatae: anaona kina manufaa kwa kazi yake, na anaona ni chepesi kukitumia. Wanaochunguza mitazamo ya walimu kuhusu teknolojia wanautumia mtazamo wake mpaka leo. Ukiwapima wenzako kwa maneno hayo utaacha kuwaona kama watu wanaopigana. Kijana anaona manufaa na anaona wepesi: amezaliwa na simu, na andalio la somo linamtoka upesi. Madamu haoni wepesi. Hajawahi kuonyeshwa, na kuuliza mbele ya vijana kunamtia haya. Ndiyo maana anakusanya madaftari. Wewe wepesi hukuutafuta, kwa kuwa manufaa huyaoni, nawe huyaoni kwa sababu kitu unachokipenda zaidi katika kazi hii, mtoto kujifunza kuandika kwa kuandika, ndicho unachokiona kinaliwa. Huo si uoga. Ni ulinzi, na unayelindwa ni mwanafunzi. Ila mlinzi naye inampasa aujue mlango anaoulinda.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye wewe kwanza, usingoje kijana aanze. Mfuate, umwambie: mwalimu mwenzangu, nina kazi, naomba unisaidie. Mkae ofisini baada ya vipindi, simu yake katikati, madamu umwalike kwa heshima yake kama mwamuzi, kwa sababu anajua fasihi simulizi kuwashinda nyote wawili. Ulizeni mashine mambo mnayoyajua. Iambieni ieleze ngeli ya U-I na itoe mifano. Hapo itajibu vizuri, jiandae kukubali. Iambieni itunge sentensi kumi za tungo changamano; itatunga, na pengine mbili au tatu zitakuwa na kasoro ambazo kijana hataziona lakini wewe utaziona papo hapo. Iulizeni vitendawili vya Kidigo, au maneno ya Kimtang'ata, lahaja ya pwani yetu hii ya kuelekea Pangani. Halafu madamu aseme lipi la kweli na lipi la kuzuliwa. Nina hakika kikao hicho kitampa sauti ofisini, nawe na kijana mtapata jambo la kuzungumza zaidi ya salamu.

Nami niseme upande wa kijana, maana ana haki yake. Azimio la kazi, andalio la somo, shajara ya somo, maswali ya majaribio ya kila mwezi: makaratasi haya yanamla mwalimu wa shule ya kata, na darasa lake limejaa mpaka madirishani. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unamtaka ajenge umahiri, wanafunzi watende, wajadiliane, wabuni. Hilo linahitaji maandalizi mengi kuliko kusoma maelezo ubaoni. Kama mashine inampa rasimu ya kifungu cha ufahamu, naye anakaa anairekebisha, anaondoa theluji na treni za chini ya ardhi anaweka bajaji na soko la Mgandini, sioni dhambi. Dhambi naiona pale anapoinakili kama ilivyo na kuingia nayo darasani bila kuisoma. Kwa Kiingereza ina faida nyingine: mwalimu ambaye hakupata nafasi ya kuzungumza na wenye lugha anaweza kujizoeza mazungumzo nayo akiwa peke yake, akakosea bila kuaibika. Walimu wengi wa Kiingereza wanahitaji hilo kuliko wanavyopenda kukiri.

Kusahihisha insha ni jambo jingine, na hapo nasimama na wewe. Najua rundo la madaftari ni zito. Lakini insha ya mtoto ndipo mahali pekee anapokuonyesha anavyofikiri, na mwalimu asiyeisoma hatajua amfunze nini kesho. Kuna na sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ukipiga picha daftari lenye jina la mtoto, shule yake na habari za familia yake alizoziandika kwenye insha, ukazituma kwenye mtambo wa kampuni ya nje, umezitoa taarifa za mtoto bila ridhaa ya mzazi. Kwa hiyo hata ile picha mliyotaka kuipiga, msiipige. UNESCO nayo, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa Septemba 2023 kuhusu mitambo hii shuleni, imetaka umri wa kuitumia darasani usiwe chini ya miaka 13, na taarifa za wanafunzi zilindwe. Wa kwenu wengi wameuvuka umri huo, lakini sharti la taarifa linawahusu wote.

Kazi za nyumbani ndizo zitakazokusumbua zaidi, kwa sababu huwezi kuingia katika kila nyumba ya Ngamiani kuangalia simu ya nani iko wapi. Badilisha unachouliza. Ukiwaambia waandike insha juu ya umuhimu wa elimu, utaletewa insha ya mashine, na kwa kweli hata kabla ya mashine ulikuwa ukiletewa insha ya kaka aliyemaliza mwaka juzi. Waambie kila mmoja amtafute mzee aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge, amwulize alikuja Tanga kutoka wapi, manamba, yaani vibarua wa mashamba hayo, waliishi vipi, siku ilianza saa ngapi, singa, zile nyuzi za mkonge, zilianikwa wapi, waliimba nini walipokuwa wakikata. Alete maelezo aliyoandika akisikiliza, yawe na makosa, yawe na kufutwafutwa, ndipo aandike insha juu yake. Mwingine atamwuliza bibi yake hekaya ya Kibondei aliyosimuliwa utotoni, na aandike jinsi bibi alivyoianza na alivyoimaliza. Masimulizi ya wazee hao hayako katika mashine yoyote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaandika. Watoto wako watakuwa wa kwanza. Alama utoe kwa hatua zote, maelezo ya awali, rasimu, na dakika mbili za kusimulia mbele ya darasa, usitoe kwa nakala ya mwisho peke yake. Najua kusikiliza darasa zima kunakula vipindi. Basi sikiliza wachache kila wiki, kwa zamu wasiyoijua mapema.

Usisahau bando. Kuna mtoto ambaye nyumbani kwao kuna simu janja tatu, na kuna ambaye mama yake anauza mihogo na simu yake haina kioo. Ukiruhusu kazi inayohitaji mashine nyumbani umewagawa kabla hujaanza kusahihisha. Ndiyo maana mimi ningependa itumike kwa mwalimu kwanza, katika maandalizi, na kwa wanafunzi itumike darasani tu, mwalimu akiwa amekileta kilichoandikwa nayo ili wakichambue pamoja. Na tusisahau chumba cha mtihani. Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne wanauandika kwa kalamu, hakuna simu mle. Mtoto aliyeandikiwa insha zake zote tangu kidato cha kwanza ataingia mle mikono mitupu, na sitaki awe wa kwako.

Kuhusu ukurasa wa mkuu, usiandike ninakataa, wala usiandike ninakubali. Hakuuliza mnaipenda au mnaichukia. Ameuliza itumike vipi. Ningekuwa mimi, ningeanza kwa kusema kazi ya idara ya lugha ni mwanafunzi aweze kusoma, kufikiri, kusema na kuandika yeye mwenyewe, na kwamba chochote kinachomsaidia kufika hapo kinakaribishwa na chochote kinachofanya kazi hiyo kwa niaba yake hakikubaliwi. Kisha ningesema mwalimu anaruhusiwa kuitumia akili mnemba kuandaa somo, mradi asome kila neno, asahihishe, na awajibike kwa makosa yake kama yeye ndiye aliyeyaandika. Ningesema insha hazisahihishwi nayo, na jina au picha ya mwanafunzi haiingizwi humo. Ningesema mwanafunzi anayeshukiwa haadhibiwi kwa ushahidi wa programu; anaitwa, anahojiwa, anapewa nafasi ya kuandika upya. Nukuu yoyote ya fasihi itajwe na kitabu na ukurasa, na isiyopatikana kitabuni haihesabiwi. Mwisho ningemwomba mkuu mambo mawili bila kuona haya: nakala za diwani na tamthiliya za kutosha kwa maktaba, na siku moja ya mafunzo kwa walimu wote, si wa lugha tu. Septemba 2024 UNESCO ilitoa mfumo wa umahiri wa walimu kuhusu akili mnemba, kwa hiyo ombi la kufunzwa si la mtu aliyeachwa nyuma. Mashine hii iliingia madarasani bila mwalimu yeyote kuandaliwa, na si haki kumlaumu anayeiogopa wala anayeiparamia wakati hakuna aliyewafundisha wote wawili.

Rasimu ipeleke kwa kijana na kwa madamu kabla ya kwa mkuu. Kijana atataka kulegeza hapa, madamu atataka kukaza pale. Wasikilize, lakini kipengele cha kumhoji mtoto badala ya kumpima kwa programu usikubali kiondolewe. Mtie saini wote watatu, na chini muandike kwamba ukurasa huu utapitiwa upya Januari, shule zikifunguliwa.